Theluji ya Mlimani na Migongo ya Wapagazi

Wiki hii nawaletea salamu kutoka Bagamoyo. Msikimbilie kufikiria minazi, majahazi na magofu ya Kaole. Bagamoyo hii ni ya Tukuyu mjini, wilayani Rungwe, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa mwezi wa saba mtu akifungua mlango alfajiri, pumzi humtoka kama moshi wa sigara, na mlima Rungwe, ambao unakaribia mita 3,000, unaweza kukaa hapo ulipo siku tatu mfululizo usiuone kwa ukungu.

Asubuhi moja kabla jua halijachomoza nilikuwa kando ya barabara kuu nikingoja chai. Likasimama lori la viazi lililotoka upande wa Kitulo kwa njia ya Kikondo na Isyonje. Juu ya magunia alikuwepo utingo, kijana wa miaka kama ishirini, amejifunika turubai. Dereva akamwita aje kukaza kamba. Kijana akashuka, akalishika fundo, akashindwa. Vidole vilikataa kukunjana. Mama muuza chai akamtilia kikombe mkononi, kikombe kikaanguka. Ikabidi mama yule amshikie, akanywa kama mtoto mchanga. Watu wakacheka, naye akacheka.

Mimi sikucheka sana. Mikono ile ilinikumbusha mtu mmoja wa Uchagani aitwaye Sabaya, ambaye habari zake zimo katika maandishi ya wamisionari wa kwanza waliofika kwetu katikati ya karne iliyopita ile ya kumi na tisa. Inasimuliwa kuwa Rungua, mtawala wa Machame, alitaka kujua kile kitu cheupe kilichokaa juu ya Kilimanjaro ni kitu gani. Wengine walikuwa wakisema ni fedha. Akatuma kundi kubwa la watu wapande wakaangalie. Akarudi mmoja tu, ndiye Sabaya, mikono na miguu yake imekunjika kwa kuganda, naye akabaki kilema hivyo maisha yake yote. Wenzake waliishia huko. Watu walisema wameuawa na mapepo ya mlimani.

Sasa, sisi tuliosoma shule huwa tunatabasamu tukisikia neno mapepo. Naomba tusitabasamu upesi. Tuangalie kwanza ni nini hasa kilichowaua watu wale.

Hewa hupoa kadiri unavyopanda, zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Mchana ambapo Moshi mjini pana nyuzi 30, kileleni Kilimanjaro, penye mita 5,895, panakaribia sifuri; na hapo jua bado linawaka na upepo haujavuma. Mvua ya masika au ya vuli inayolowesha migomba ya Marangu, kule juu hushuka ikiwa theluji. Upepo ukishika, theluji ile haianguki bali hupeperushwa, ikamziba mtu macho hata asiione njia aliyoijia. Nyayo hufunikwa. Mwenye nguo iliyolowa hupoteza joto la mwili haraka ajabu. Mwili wenye afya una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 hatari imeanza. Kwanza mtu hutetemeka. Baadaye, na hili ndilo baya zaidi, huacha kutetemeka, ulimi ukawa mzito, akasema maneno yasiyoeleweka, akataka kukaa chini apumzike kidogo tu. Akikaa, ndiyo basi. Na wala si lazima pawe na barafu: mvua na upepo katika nyuzi tano au kumi vinatosha kabisa kumwua mtu aliyevaa shuka moja.

Mtu anayeona wenzake wanaanza kuweweseka, wanakaa chini mmoja mmoja na hawaamki, bila jeraha wala homa, aseme nini? Sabaya alieleza alichokiona. Jina la mapepo lilikuwa jina la kitu cha kweli.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali akiwa njiani kwenda Uchagani. Hakuwa na bunduki. Alichochukua ni mwavuli. Aliona weupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Kiongozi akajibu neno moja: baridi. Rebmann akaelewa mara moja kuwa ile ni theluji.

Nalipenda sana jibu lile. Kiswahili cha Pwani hakikuwa na shida na theluji ya vitabuni. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na barafu tumeipata kwa Waajemi, ambao kwao neno lile lina maana ya theluji hasa. Lakini mtu wa misafara aliyekuwa akipita chini ya mlima ule hakuona haja ya neno la mapambo. Alitaja kile ambacho kingemfika msafiri akienda kule. Mkuu wa msafara wake, Bwana Kheri, naye alimweleza Rebmann kwamba waliojaribu kupanda waliuawa na mapepo, miguu na mikono ikakakamaa, na baruti ikagoma kuwaka. Ukiondoa mapepo, hiyo ni taarifa ya hali ya hewa.

Habari za Rebmann zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, zilimkuta bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Akasema haiwezekani: theluji haikai karibu na ikweta, mmisionari macho yamemdanganya. Mabishano yakaenda miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken, Mjerumani mwingine, pamoja na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000, na usiku wakanyeshewa na theluji. Sasa wameiona, imewaangukia hemani! Cooley hakutikisika, alimkejeli kwa kumpongeza kwa bahati ya kupata dhoruba ya theluji kwa wakati uliomfaa. Ndiyo kusema mtu aliyekaa karibu na moto London alikuwa anamfundisha aliyelowa Kilimanjaro.

Vitabu vingi vya historia husimama hapo, kwenye ugomvi wa mabwana hawa, nani aliona na nani hakuamini. Mimi leo nataka kuuliza swali la utingo: hema lile lililoangukiwa na theluji lilipandishwa na nani?

Hapo sasa Bagamoyo ile ya Pwani inaingia. Misafara ya bara iliundwa Unguja, Bagamoyo, Pangani na Mombasa. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, mbali na chakula chake, chungu na mkeka wa kulalia. Mshahara wa watu wa Unguja kwa misafara ya Wazungu ulikuwa aghalabu reale tano kwa mwezi. Vazi lake lilikuwa kipande cha merikani kiunoni, pengine kingine begani. Merikani ni pamba nyepesi, ikilowa hunata mwilini, na upepo huipita kama chandarua. Kwa joto la Pwani inafaa kabisa. Kwa nchi za baridi ni kama kuvaa maji.

Mfano bora ninaoujua ni wa Hans Meyer. Mwaka 1888 Mjerumani huyu alitekwa huko Pwani wakati wa vita vya Abushiri bin Salim, akakombolewa kwa rupia 10,000. Mwaka uliofuata akarudi, safari hii na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller. Walifika Marangu kwa Mareale, wakapanda, wakapiga kambi penye mita zipatazo 4,300. Wapagazi wengine walirudishwa chini, wawe wanaleta chakula kila baada ya siku chache. Mtu mmoja tu alibaki na Wazungu wale wawili kule juu: Mwini Amani wa Pangani.

Tafakarini, ndugu zangu. Mtu wa Pangani, mji wa minazi na mto, anakaa zaidi ya wiki mbili mahali ambapo maji ya ndooni huganda usiku. Meyer na Purtscheller walikuwa na buti za misumari, nguo za sufi, miwani ya kukinga mwanga wa theluji, kamba na mashoka ya barafu. Mwini Amani alikuwa na nguo chache mno. Kazi yake ilikuwa kulinda hema na kuhakikisha kuna moto wenzake wakirudi. Meyer mwenyewe, na hili lazima tumpe haki yake, alimsifu katika kitabu chake kwa uvumilivu usio na manung'uniko. Tarehe 6 Oktoba 1889 Wazungu wawili wakafika kileleni. Meyer akaita mahali pale kwa jina la Kaiser Wilhelm. Jioni wakashuka kwenda kwa Mwini Amani, ambaye kama angekuwa amekimbia baridi, au amekufa kwa baridi, sijui wangekuta moto gani.

Leo fungueni ramani ya mlima. Mtaona barafu ya Rebmann, barafu ya Decken, barafu ya Kersten. Kule Mawenzi kuna kilele cha Hans Meyer na kilele cha Purtscheller. Kilele kikuu tulikibadili jina sisi wenyewe, usiku ule wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge, na tangu hapo panaitwa Uhuru. Mwaka 1989, miaka 100 baada ya Meyer, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa miongoni mwa walioongoza msafara ule; alifariki mwaka 1996. Mwini Amani hana hata jiwe. Na barafu zenyewe zenye majina ya mabwana zinaondoka: kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imeyeyuka. Huenda wajukuu zetu wakasoma jina la Rebmann juu ya mwamba mtupu.

Lakini nisiwaache huko Kaskazini, maana nilianzia Rungwe. Milima ya kwetu huku haina theluji ya kudumu kama Kibo. Tuna mvua ya mawe, tuna upepo, tuna ukungu ambao dereva haoni boneti ya gari lake, na kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 na zaidi, tuna sakitu, ile baridi inayoganda juu ya majani usiku na kuunguza viazi kama moto. Mgeni akiona Kitulo maua yakichanua huita bustani ya Mungu, na serikali ilipafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Aje Julai saa kumi na moja alfajiri, aniambie.

Ramani za zamani ziliuita uwanda ule Elton, kwa jina la Kapteni Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza kule Msumbiji, aliyepita nchi hizi mwaka 1877 akitoka Ziwa Nyasa na kufia Ugogo Desemba mwaka uleule. Miaka miwili baadaye, mwaka 1879, ukaja msafara wa Joseph Thomson. Kiongozi wake wa kwanza, Keith Johnston, alifariki njiani kule Behobeho, na Thomson, kijana Mskochi wa miaka 21, akajikuta mkuu. Aliyejua kazi hasa alikuwa mnyapara wake, James Chuma. Wasikilizaji wa Bagamoyo ya Pwani wanalijua jina hilo: Chuma ndiye pamoja na Susi waliobeba mwili wa Dakta Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, mwaka 1873 na 1874.

Milima inayopanda kando ya Ziwa Nyasa ilikuwa imeshapewa jina la Livingstone mwaka 1875 na Mwingereza E. D. Young, aliyeitazama kutoka kwenye meli. Chuma hakuitazama kutoka melini. Aliivuka kwa miguu, nyuma yake wapagazi wapatao 150, wengi wao watu wa Pwani, kupitia nyanda za juu za Uhehe na Ubena ambako baridi iliwatesa kuliko njaa. Mtu aliyembeba bwana wake begani sasa anauvuka mlima ulioitwa kwa jina la bwana huyo, akiwahimiza watu waliovaa merikani wasikae chini. Kama ningekuwa mtunzi wa michezo ya redio ningeanzia hapo. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, kwa kifua kikuu.

Misafara ile angalau ilikuwa ya watu waliojiandikisha kwa mshahara. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakaiteka Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu hii. Kutoka hapa yakaelekea Njombe na Iringa, katika miezi ileile ya baridi ambayo leo inamfunga vidole utingo wa viazi. Barabara ya magari kupita milimani haikuwepo. Risasi, unga, dawa na mizinga vilipanda migongoni na vichwani mwa tengatenga, watu waliokusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, kutoka pande zote mbili za mpaka. Wajerumani nao walikuwa na wao. Walitoka kwenye joto la ziwani, wakapandishwa kwenye nyika za baridi, wakalala nje katika mvua na blanketi moja au bila blanketi. Katika vita vile vyote vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na baridi walikuwa wengi mara nyingi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Wazee wa huku tuliowahi kuwakuta walikuwa wakiitaja vita ile kwa mizigo kabla ya kuitaja kwa bunduki.

Kuna hoja ambayo bado inasemwa hata na watu wenye heshima zao: kwamba mtu wa Pwani hawezi baridi kwa maumbile, kwamba damu yake imezoea joto. Wasafiri wa Kizungu waliiandika sana hoja hiyo, kwa sababu iliwapunguzia hesabu. Mwini Amani anaibomoa peke yake. Tofauti kati yake na Purtscheller ilikuwa sufi, ngozi na misumari ya buti, vitu vinavyouzwa dukani. Aliyepanga safari alijua idadi ya mahema, idadi ya chupa za dawa na uzito wa kila mzigo. Blanketi la mpagazi hakulisahau. Alilipigia hesabu akaona ni ghali.

Kilimanjaro ya leo ina sheria. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na unapimwa langoni. Mwaka 2003 ulianzishwa pale Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, ambao pamoja na mambo mengine huwaazima bure makoti, suruali na viatu vya mlimani. Nalitaja kwa furaha, ila msikilizaji aligeuze jambo hili alitazame upande wa pili: zaidi ya miaka 110 baada ya Mwini Amani, bado ilibidi awepo mtu wa kumwazima mpagazi koti ili apande mlima anaoupanda kwa riziki yake. Watalii hulipa fedha nyingi kupanda. Dhoruba ikiwakuta, aliye nyuma yao na hema kichwani ndiye mwenye viatu vya mitumba.

Nirudi kwa kijana wa viazi. Vidole vilipoanza kurudi uhai, akawa anavisugua na kuuma meno, maana damu ikirudi huuma kuliko baridi yenyewe. Nikamwuliza dereva, tena kwa upole, maana mtu asiyelala hukasirika upesi, kwa nini hakumweka kijana ndani usiku kucha. Akanionyesha kwa kidole. Ndani ya kabini walikuwemo abiria watatu waliolipa nauli. Nikamwuliza na koti je? Akasema koti lilikuwepo, la tajiri, lakini utingo wa kabla ya huyu aliondoka nalo.

Mama wa chai akaingia ndani akatoka na gunia tupu la sukari, akalipasua matundu matatu kwa kisu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Kijana akalivaa chini ya shati, akakaza kamba zake, akalipa chai ya vikombe viwili, kile alichokunywa na kile kilichovunjika, akapanda tena juu ya magunia. Lori likashuka kwenda Kyela, kwenye joto.